Darubini ya Chumvi

Mara ya kwanza kuiona bahari nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Tulikuwa wanne tuliotoka bara kwenda kwenye semina, na siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, mwenyeji wetu akatutembeza hadi ufukweni. Wenzangu walikunja suruali wakakimbilia majini. Mimi nilibaki nyuma, nikavuta pumzi, na kabla sijafikiri nikajikuta nimesema, "Mbona kunanukia kama sebuleni kwa Bi Mwanaidi?" Walicheka sana, na hadi leo wananitania kwa neno hilo. Lakini pua yangu haikukosea. Ile harufu ya chumvi, ya majani mabichi, ya kitu kama chuma kilicholowa, niliijua tangu nikiwa darasa la pili, Ifakara, mahali ambapo ukitaka kwenda baharini unapanda basi alfajiri na unashuka ukiwa umechoka hadi kwenye meno.

Bi Mwanaidi alikuwa jirani yetu. Alizaliwa Pangani, akaolewa na Mzee Salimu, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki na trekta pale barabarani. Mama yangu, kwa asili mtu wa upande wa Mahenge, alikuwa mkulima wa mpunga, na shamba letu lilikuwa Michenga. Baba alifanya kazi hifadhini Mang'ula, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Msimu wa kilimo ulipofika mama alihamia kwenye kibanda cha shambani, maana palizi haingoji mtu, na mimi, mtoto wa pekee, nikaachwa kwa Bi Mwanaidi ili nisikose shule. Mama alikuja kunitazama kila alipopata nafasi, mara nyingine baada ya siku nne, mara nyingine baada ya kumi.

Sasa katika sebule ya Bi Mwanaidi, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, palikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Lilitumwa na kaka yake, Mjomba Omari, aliyekuwa fundi wa matangi ya samaki huko Dar es Salaam. Lilikuja kwenye lori la vipuri likiwa limeviringishwa magodoro mawili, na nyuma yake madumu ya maji ya bahari, na nyuma ya madumu ndoo ya chumvi maalumu ya kukorogea maji mengine hayo yakichakaa. Ndani mlikuwa na mawe yenye matundu, tumbawe moja laini lililochanua kama kiganja cha mkono, konokono watano wa kusafisha kioo, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Mkubwa alikuwa jike, Bi Mwanaidi alimwita Bibie. Mdogo alikuwa mumewe, na hakuwa na jina lingine.

Watu wa Ifakara wanawajua samaki vizuri sana, lakini wanawajua wakiwa sufuriani. Wageni waliokuja kumjulia hali Bi Mwanaidi waliinama mbele ya kioo, wakatikisa kichwa, kisha wakauliza swali lile lile: "Sasa hawa unawala lini?"

"Hawaliwi," alijibu. "Hawa ni ndugu zangu wa nyumbani."

Mama aliposikia hivyo mara ya kwanza alinong'ona, "Ndugu gani hata kambale mmoja anawazidi kilo?" Lakini alisema kwa upendo. Walikuwa mashoga wa kweli, yeye na Bi Mwanaidi, mmoja na rozari yake na mwingine na tasbihi yake, wakigawana mboga juu ya ua wa mabati.

Kazi kubwa katika wiki ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kupima chumvi. Nisingeikosa hata kama ningeumwa. Bi Mwanaidi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifunga kanga kiunoni, akatoa kwenye sanduku dogo lenye sponji kitu kilichofanana na bomba fupi jeusi. Upande mmoja kilikuwa na mahali pa kuwekea jicho. Upande wa pili kulikuwa na kioo kilicholala mshazari, chenye kifuniko cha plastiki. Yeye alikiita kipimo. Mimi niliwahi kuona picha ya baharia kwenye daftari la shule akiwa na bomba kama hilo jichoni, kwa hiyo kwangu ilikuwa darubini, na sikuona haja ya kuuliza.

Kwanza alikipangusa kioo. Halafu alidondoshea matone mawili ya maji ya betri, yale maji safi ya chupa yanayouzwa dukani kwa Mzee Salimu kwa ajili ya kuongezea betri za gari, yasiyo na asidi wala chumvi wala kitu chochote. Akafunga kifuniko, akaelekeza darubini dirishani penye mwanga, akaweka jicho. Mkono wake wa kulia ukapapasa bisibisi ndogo ya cherehani, akazungusha skrubu iliyokuwa juu ya bomba, kidogo, kidogo tena, akiwa amebana pumzi.

"Sifuri," alisema. "Maji haya hayana chumvi, na chenyewe kinakubali hayana. Kwanza unakifundisha kusema kweli, Skola. Ndipo unakiuliza swali."

Baada ya hapo alipangusa, akaweka matone ya maji ya tangi, akaangalia tena. "Thelathini na tano. Alhamdulillahi." Na siku nzima ikawa njema.

Jumamosi moja akanipa na mimi niangalie. Ndani ya bomba mlikuwa na duara linalong'aa, juu lote bluu, chini jeupe, na katikati mstari ulionyooka. Pembeni kulikuwa na namba ndogondogo ambazo sikuzitilia maanani.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Bluu."

"Na chini?"

"Nyeupe."

"Basi hapo zinapokutana, hapo ndipo penye bahari yetu."

Yeye alimaanisha mstari ule uko kwenye namba inayofaa kwa samaki wa bahari. Mimi nilielewa nilivyoelewa. Bluu ilikuwa bahari, nyeupe ilikuwa mchanga, na Bi Mwanaidi, kila Jumamosi, kutoka dirishani kwake Ifakara, alikuwa anaangalia Pangani kwao. Ndiyo maana alitulia baada ya kuangalia. Na aliponiambia kwamba akizungusha skrubu mstari hupanda na kushuka, nikaelewa jambo kubwa zaidi. Alikuwa anairekebisha bahari. Inapopanda sana anaishusha, inapokupwa sana anairudisha. Sikumwambia mtu. Nilimheshimu zaidi tu, na nilimwamkia shikamoo kwa sauti iliyonyooka kuliko zamani.

Masika yakaja. Wanaokaa bondeni wanajua ile mvua isiyo na haraka, inayoanza kama inakujaribu kisha inasahau kuondoka. Siku moja, nikiwa bombani na ndoo yangu, nikawasikia wanawake wawili wakiongea. "Michenga huko maji yameingia mashambani," alisema mmoja. "Mto umejaa." Mwenzake akaguna, wakaendelea na habari za sabuni.

Nilirudi nyumbani ndoo ikiwa nusu. Bi Mwanaidi alikuwa chumbani akisali alasiri. Sanduku lilikuwa juu ya meza. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama yeye. Nikadondoshea matone mawili ya maji ya tangi, nikafunga kifuniko, nikaenda kwenye dirisha la jikoni, lile linalotazama upande mama alikokuwa akielekea kila anapoondoka. Nikaweka jicho.

Bluu ilikuwa imelala juu ya nyeupe kama tandiko zito. Ile nyeupe pale chini ilikuwa nchi kavu, sehemu ndogo iliyobaki, na mama yangu alikuwa mahali fulani juu yake, na kibanda chake, na jembe lake, na kandambili zake za kijani. Nikachukua bisibisi ya cherehani. Nikazungusha skrubu kidogo. Nyeupe ikapanda. Ikapanda kweli, niliiona kwa jicho langu, na bluu ikarudi nyuma. Nikazungusha tena kidogo, nikapangusa kioo, nikarudisha kila kitu sandukuni.

Siku mbili baadaye mama akaja, matope hadi magotini, kichwani furushi la mboga, akicheka tangu getini.

"Mama, maji vipi?"

"Yalikuja, yakarudi," alisema. "Umenenepa! Dada Mwanaidi, mwanangu unampa nini?"

Yalikuja, yakarudi. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilikaa kwenye mkeka nikila, nikiwatazama wanawake wale wawili wakipiga soga, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa maisha ya mwingine na ameamua kunyamaza.

Tangu siku hiyo, kila mvua kubwa iliponyesha na mama akiwa shambani, nilingoja saa ya sala ya alasiri. Kidogo tu. Sikuwa mchoyo. Niliacha bluu ya kutosha kwa ajili ya Pangani.

Ilitokea kuwa katika majuma hayo hayo maji ya betri yaliisha dukani. Barabara ilikuwa mbovu, malori yalikwama, na wenye matrekta walikuwa wamechukua chupa za mwisho. Kwa hiyo Bi Mwanaidi alipima bila kukifundisha kwanza kipimo chake kusema kweli. Jumamosi ya kwanza akaangalia, akaangalia tena.

"Thelathini na nane. Chumvi imepanda. Maji yanakauka wapi na mvua yote hii?"

Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye tangi angefanya. Alichota jagi la maji ya tangi akamwaga, akaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, mpaka kipimo kikasema thelathini na tano. Wiki iliyofuata kikasema thelathini na tisa. Akamwaga, akaongeza. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Nilisimama pembeni nikishika taulo, na wala sikuunganisha skrubu yangu na jagi lake. Kwangu hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa, kama misa na mpira.

Konokono ndio walioanza. Mmoja alianguka kutoka kwenye kioo akalala chali mchangani. Bi Mwanaidi akamgeuza kwa kijiti, akaanguka tena. Kesho yake wa pili. Tumbawe laini, lile lililokuwa likichanua kama kiganja, lilifumba vidole na halikufumbua. Bibie na mumewe wakajibanza kwenye kona, pale pampu inapotoa mapovu, wakipumua upesi upesi. Mzee Salimu, ambaye kwa kawaida alikuja kula chakula cha mchana akitania kwamba yeye ni wa tatu katika nyumba baada ya samaki, sasa alikula haraka akarudi dukani. Bi Mwanaidi aliacha kuimba jikoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siku zote huwa anaimba.

Konokono wa tatu alipokufa, alimpigia simu kaka yake. Aliiweka simu kwenye sauti ya juu na kuilaza mezani, ili mikono ibaki huru kumwonyesha Mjomba Omari vitu ambavyo hakuweza kuviona.

"Chumvi inapanda kila wiki, Omari. Napunguza, inapanda. Napunguza, inapanda."

"Wanafanyaje?"

Akaeleza.

"Dada, hizo si dalili za chumvi kuzidi. Unaniambia kama maji yamepungukiwa chumvi. Kipimo chenyewe umekipima lini?"

"Maji ya betri hakuna. Barabara imekatika."

"Ehe! Basi unamwuliza mlevi njia ya nyumbani. Kabla hujayashuku maji, mshuku mpimaji. Mvua huko inanyesha?"

"Inanyesha? Tunaogelea!"

"Basi kinga mvua. Si ya bati, bati lina vumbi na kutu. Weka beseni safi katikati ya uwanja, kinga ile inayotoka juu moja kwa moja. Irudishe skrubu kwenye sifuri, kisha upime tangi. Fanya leo."

Irudishe skrubu. Niliyasikia maneno hayo kama ngoma. Nje kulikuwa na mawingu meusi yamekaa juu ya milima ya Udzungwa, na mama alikuwa ameondoka siku tatu zilizopita. Wakirudisha skrubu, maji yote niliyoyazuia kwa mwezi mzima yataiangukia Michenga kwa mara moja.

Bi Mwanaidi alipokwenda kutafuta beseni, nikachukua sanduku, nikalizamisha ndani ya debe la mchele, nikasawazisha mchele juu yake kwa kiganja.

Alitafuta. Alitafuta juu ya kabati, chini ya meza, nyuma ya tangi. Aliniuliza, nikatikisa kichwa, na huo ndio uongo wangu wa kwanza ambao naukumbuka kwa uzito wake. Mvua ikaanza kudondoka uani, kubwa na nzito, ikigonga beseni tupu. "Skola, mwanangu, nisaidie," alisema. "Mvua isije ikapita." Nikageuka nisimwone usoni, na nilipogeuka nikamwona mume wa Bibie. Alikuwa ameinama upande, kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni, na Bibie alikuwa akimsukuma kwa mdomo wake, taratibu, ili asimame.

Nikalia. Nililia kwa kelele hata Bi Mwanaidi akaacha kutafuta. Nikaenda kwenye debe, nikafukua, nikampa sanduku lenye punje za mchele zimenasa kwenye bawaba.

"Usiirudishe skrubu," nikamwambia. "Nakuomba, Bi Mwanaidi. Ukiirudisha, Michenga itazama. Mama yupo huko."

Hakucheka. Nimefikiria sana jambo hilo nilipokuwa mkubwa, jinsi ambavyo mtu yeyote angecheka. Yeye alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na yangu.

"Nani amekwambia?"

Nikamweleza yote. Mchanga na bahari, Pangani, dirisha la jikoni, kandambili za kijani, alasiri zote zile. Alisikiliza huku akinifuta pua kwa ncha ya kanga. Niliposema kwamba nilimwachia bluu ya kutosha kwa ajili ya kwao, aliangalia pembeni kidogo.

"Kwa hiyo umekuwa ukimlinda mama yako."

"Ndiyo."

"Ningekuwa wewe, ningezungusha mpaka mkono ukatike," alisema. Akasimama. "Njoo. Kwanza tukinge maji."

Tukatoka nje. Sikuwahi kuona mtu mzima akiingia kwenye mvua kwa hiari yake. Tulisimama katikati ya uwanja, kila mmoja akishika ukingo wa beseni, na mvua ikatupiga kichwani, ikaingia masikioni, ikatuteremka mgongoni. Kanga ilimganda mwilini. Mzee Salimu, aliyekuwa amerudi kuchukua funguo, alitoa kichwa mlangoni akauliza tumepatwa na nini. "Tunatafuta sifuri!" Bi Mwanaidi akampigia kelele, na akaanza kucheka, na mimi nikacheka pia. Tulicheka hadi beseni likayumba.

Ndani, tukiwa tunachuruzika, alidondoshea matone mawili ya mvua kwenye kioo, akanipa mimi niangalie kwanza. Safari hii alinionyesha namba pembeni.

"Mvua ina chumvi?"

"Haina."

"Kipimo kinasema ngapi?"

Mstari ulikuwa juu ya sifuri, mbali. Nikahesabu vijistari. "Kumi na moja."

"Basi nani mwongo, mvua au kipimo?"

"Kipimo," nikasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Nilikifundisha uongo."

"Tutakifundisha upya. Lakini kabla sijagusa bisibisi, tumpigie mama yako."

Simu ililia muda mrefu. Mama alipopokea, kulisikika upepo, na maji, na watu wakiitana kwa mbali.

"Mama Skola, uko wapi sasa hivi?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Niko shambani, Dada, napandikiza. Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima. Ana kazi anataka kuifanya, nawe usikate simu." Akanipa bisibisi. Alishika kipimo kwa mikono yake miwili, akaniwekea mbele ya jicho. "Zungusha wewe. Mwenyewe."

Niliweka bisibisi kwenye skrubu. Nilizungusha kidogo. Mstari ukashuka.

"Mama!" nikapaza sauti. "Yanapanda?"

"Nini?"

"Maji!"

"Maji yapo pale pale, mwanangu, nimesimama humo humo. Kwenye magoti."

Nikazungusha tena. "Na sasa?"

"Kwenye magoti! Skola, una homa?"

Nikazungusha, nikauliza. Nikazungusha, nikauliza. Kila mara mama alijibu kwenye magoti, kwa sauti iliyozidi kushangaa, mpaka mstari ukakaa kwenye sifuri na duara lote likawa bluu, bluu tupu toka chini hadi juu, na mama yangu alikuwa bado anaongea. Sijui nitaielezaje furaha ile. Ilikuwa kama kuweka chini mzigo ambao ulikuwa umebebwa na mtu mdogo sana kwa siku nyingi mno.

Bi Mwanaidi alimsimulia mama kisa chote hapo hapo kwenye simu. Mama akapiga ukelele tulioweza kuusikia hata bila simu.

"Kumbe ni wewe! Mwezi mzima naomba maji yakae mashambani, mpunga wangu unayataka, kumbe kuna mtu Ifakara ananikaushia!"

Nilipima tangi mimi mwenyewe. Ishirini na nne. Bi Mwanaidi alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Sawa. Sasa tunajua." Nikataka tumwage chumvi yote ya ndoo siku ile ile, lakini akanizuia. Alisema aliyekaa na njaa hapewi sufuria zima. Kila siku tutapandisha namba moja, haitazidi hata nusu. Kila asubuhi kabla ya shule alikoroga maji ya chumvi kwenye ndoo, tukachota ya zamani na kuweka mapya taratibu kwa kikombe, na kila nilipotoka shule tukapima. Kwanza mvua, ndipo tangi. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Niliziandika namba kwa penseli nyuma ya daftari la hesabu, na mwalimu aliponiuliza ni za nini nikamwambia ni za mgonjwa.

Konokono watatu tulishawapoteza, na niliwazika chini ya mpapai bila kuambiwa. Wawili waliobaki walipanda kioo siku ya tano. Siku ya saba mume wa Bibie alikula. Siku ya tisa tumbawe lilifumbua kidole kimoja, na nilikimbia mpaka dukani kumwambia Mzee Salimu, nikamkuta na wateja, nikamwambia hivyo hivyo mbele yao: "Kidole kimoja!" Akanishukuru kwa adabu zote, kama mtu aliyeletewa habari za mtoto wake.

Siku ya kumi na moja iliangukia Jumamosi. Mama alikuwa amekuja, kwa kuwa upandikizaji ulikuwa umekwisha, na habari za mtoto aliyezuia mto zilikuwa zimekwisha kuzunguka mtaa mzima. Wanawake walijaa sebuleni, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wengine wameacha vyungu jikoni. Bi Mwanaidi alikuwa amepika maandazi ya iliki, lakini alisema hayaguswi kwanza. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nami nikanawa. Nikadondoshea mvua, nikaangalia: sifuri. Nikapangusa kioo, nikadondoshea maji ya tangi, nikafunga kifuniko polepole ili kusiwe na povu. Nikaelekea dirishani, nikaweka jicho, nikahesabu vijistari kutoka chini, nikahesabu tena ili nisikosee.

"Thelathini na tano!"

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa Bi Mwanaidi na mimi. Kwa muda mfupi wote walitutazama, wakingoja kuelezwa. Kisha mama yangu, ambaye hata leo hajui thelathini na tano ni ya nini, akarusha kichwa nyuma akapiga kigelegele kikali, kirefu, cha kutoka shambani, na wote wakamfuata, nyumba nzima ikalia, na watoto mgongoni wakaamka wakaanza kulia nao. Bi Mwanaidi alinikamata akanizungusha hewani, mikono yake bado imelowa.

Mzee Salimu alitokea dukani akikimbia, kibarakashee kiko upande. "Nani kaolewa?" aliuliza akihema. "Jamani, nani kaolewa?"

"Hakuna aliyeolewa, Mzee," mama akamjibu bila hata kugeuka. "Ni thelathini na tano." Na akapiga kigelegele kingine.